Mara Saba, Moja kwa Udongo

Wiki iliyopita mbwa wa mtaani aliingia uani kwa jirani yangu hapa Tabora mjini, akalamba sufuria ya uji iliyoachwa chini. Jirani alimrushia kipande cha tofali, kikampata mguuni, mbwa akatoka kwa miguu mitatu huku analia, kisha binti wa nyumba akaitwa aje kuosha sufuria. Mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa sote madrasa. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wangu wa ukuta. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na harufu ya udongo mwekundu uliolowa ikanifikia pamoja na ya sabuni ya mche. Nikaziacha nguo kwenye beseni, nikaingia ndani na kufunga mlango. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamjibu vibaya. Nina hasira za karibu, kila anayenijua anajua, na hasira hizo nimezirithi kwa mtu.

Mtu huyo ni baba yangu. Kijiji kizima cha Kwihara kilimwita Kisu, kwa kuwa ndiye aliyechinja ng'ombe na mbuzi wa pale, na Waislamu na Wakristo wote walikula nyama iliyopita mikononi mwake. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na sakafu ya saruji yenye paa la bati na mfereji mdogo wa kupitisha damu. Hapo ndipo alipofanya kazi kila alfajiri kabla ya kupeleka nyama bucha. Damu haikunitisha hata kidogo. Kilichonitisha ni Baba kurudi mchana nyama ikiwa haijaisha, maana siku hizo mkanda wake haukukaa kiunoni. Mama ana kovu kwenye mdomo wa juu hadi leo, la sahani ya bati, na kosa lake lilikuwa ugali uliopoa. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani nasimulia habari za mzee mpole tuliyemwonea.

Nyinyi wa rika langu mliokulia vijiji vile hamhitaji kuelezwa. Tulipigwa nyumbani, tukapigwa shule, tukapigwa madrasa, na tulipoachwa peke yetu tulipigana wenyewe kwa wenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa hivi, mwembamba, na nilikuwa na sifa ya kung'ata.

Mwishoni mwa ule mfereji wa damu alizoea kulala mbwa jike wa rangi ya njano. Hakuwa wa mtu. Hakuingia ndani, hakuiba, alingoja tu, na Baba akimaliza kazi alimtupia kipande cha pafu. Alipiga mluzi, akatupa tu na kuendelea kufuta visu vyake. Ndiye kiumbe pekee niliyepata kumwona Baba akimpa kitu bila kuombwa, nami nilimwonea wivu. Msimu mmoja wa baridi mbwa yule alizaa nyuma ya rundo la ngozi zilizotiwa chumvi. Vijibwa vilikuwa sita, nilivihesabu nikiwa nimelala kifudifudi, na mama yao alinitazama bila kunguruma.

Haikufika wiki, habari zikaja kutoka upande wa Kigwa kwamba mtu ameumwa na mbwa mwenye kichaa, na amekufa akiogopa maji. Tangazo likatolewa: kila mbwa asiyefungwa auawe. Wanaume walipita nyumba kwa nyumba, wana marungu, wana mapanga, mmoja ana gobore ambalo lililia mara mbili tu likagoma. Tangu asubuhi kijiji kizima kilijaa sauti ya mbwa. Ile sauti sijui niielezeje. Mbwa anapopigwa na kundi la watu analia kwa namna ambayo mtoto anadhani ni mtoto mwenzake. Niliona mmoja akiburutwa kwa kamba kupita mbele ya nyumba yetu, kwenye ile barabara ya zamani ya misafara, taya limening'inia, na watoto wenzangu wakimfuata kwa mawe. Nami nilirusha jiwe. Sijui kwa nini, lakini nilirusha, na lilimpata.

Kiongozi wa lile kundi alikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, mume wa Mama Yohana, mwanamke wa Kimoravian aliyefuga mbuzi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Balozi akasimama uani akifuta jasho.

"Kisu, yule wako yuko wapi?"

"Mimi sina mbwa," Baba akasema.

"Yule anayekula kwako."

Baba akachukua kipande cha pafu kwa mkono wa kushoto na shoka kwa mkono wa kulia, akapiga mluzi. Mbwa akatoka nyuma ya ngozi, matiti yamejaa, anatikisa mkia. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mkono wa kushoto. Baba akampiga kwa kisogo cha shoka, katikati ya macho, mara moja. Miguu ikamwishia, akaanguka na pafu likiwa bado mdomoni. Wale wanaume wakacheka kwa mshangao, wakavitoa vijibwa, wakavitia kwenye gunia na kuligonga gunia kwenye ukingo wa sakafu ya saruji mpaka likanyamaza. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na mkojo ulikuwa unanitiririka mguuni.

Kilichonikaa moyoni ni ule mkono wa kushoto. Kuua nilishazoea. Lakini kumwita kwa chakula, kwa mluzi uleule wa kila siku! Siku ile niliamua kwamba baba yangu ni mwongo kuliko watu wote duniani, na kwamba chochote atakachoshika kwa upole anakishika ili akiue.

Jioni, wakati wanamwaga maji kuosha sakafu, nikasikia mlio mwembamba kutoka ndani ya ngozi. Mmoja alikuwa amesalia. Alikuwa amejikunja kwenye mkunjo wa ngozi ya mbuzi, mdogo kuliko kiazi kitamu, macho yamefumba, na mwili wa baridi. Nilimwita Baki, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Nikamtia ndani ya gauni nikampeleka kwenye banda la kuku lililokuwa tupu tangu kideri kilipowamaliza kuku wetu.

Kumlisha kulinishinda. Niliiba maziwa ya chai, nikachovya ncha ya kitambaa, nikamlaza chali mapajani kama Mama alivyomlaza mdogo wangu, nikamkamulia mdomoni. Maziwa yakatokea puani. Akapiga chafya, akakoroma, akafungua kinywa bila kutoa sauti. Nikajaribu tena, yakatoka tena. Alfajiri ya pili hakuwa akilia kabisa. Nikamfunika kwa mtandio wangu mweupe wa madrasa, nikaenda kwa Mama Yohana kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwendea, ingawa mumewe ndiye aliyekuja na lile gunia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwangaluka mwanangu. Umeficha nini humo?"

Nilipofunua, alitazama kwanza njiani kama mumewe anarudi, kisha akanivuta ndani ya zizi la mbuzi. Nikamwonyesha ninavyomlisha. Akanipiga kofi mkononi.

"Mayu wane! Unamlisha au unamzamisha? Huyo si mtoto wa mtu. Umeshaona mbuzi ananyonya chali?"

"Hapana."

"Basi mgeuze, tumbo chini, kichwa juu kidogo. Na kabla ya maziwa, mpashe moto. Mnyama wa baridi hamezi, na akimeza hayamsaidii. Moto kwanza, maziwa baadaye. Rudia."

"Moto kwanza, maziwa baadaye."

Akanipa kichupa cha dawa ya macho kilichokwisha, kile cha kudondosha, alichokiosha kwa maji ya moto. Akamkamua mbuzi palepale, maziwa yakiwa bado na joto la mnyama. Akanifundisha kumtia kijibwa kifuani mpaka apate joto langu, kudondosha tone mojamoja pembeni mwa ulimi na kungoja ameze, na baada ya hapo kumpangusa chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu ili akojoe, maana mama yake angemlamba. "Nyumbani kwangu hawezi kukaa," akasema. "Balozi akimwona atamaliza kazi yake. Lakini maziwa njoo uchukue."

Nilikwenda mara tano kwa siku. Mara ya kwanza Baba akiwa bado anachinja, mara ya mwisho baada ya magharibi, na katikati nilitoroka shule. Nilimwachia jiwe lililopashwa motoni na kuviringishwa matambara. Siku ya nne alikishika kidole changu kwa ulimi akakivuta. Sikumbuki kama nimewahi kupewa kitu kikubwa kuliko kile. Nilikaa kwenye banda lile linalonuka mavi ya kuku nikalia kwa furaha, nikamwambia kwamba hakuna atakayemgusa, atakayemgusa nitamuua.

Na maneno hayo sikuyasema kimzaha. Kulikuwa na msichana mmoja madrasa, mkubwa kuliko mimi, aliyenusa mtandio wangu akatangaza kwamba nanuka mbwa. Nilimng'ata bega. Walinitoa kwake watu watatu, na damu yake ilikuwa kwenye meno yangu. Ustadhi alinichapa viboko mbele ya wote, halafu, kwa kuwa habari ya mbwa ilikuwa imeshatajwa, akaufanya mkasa huo kuwa somo. Akaeleza kwamba mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo safi.

"Kikishaoshwa mara saba?" nikauliza, makalio yakiwaka.

"Kinakuwa safi. Unakula na kunywa bila wasiwasi."

"Hata kama kilikuwa najisi sana?"

"Hata kama. Ndiyo faida ya sheria, we mtoto, inakuonyesha njia ya kutokea."

Ustadhi alikuwa anazungumzia mabakuli. Mimi nilikuwa nikifikiria jambo lingine.

Siku ya nane nilimkuta Baki amejaa damu. Panya alikuwa ameingia bandani na kumtafuna sikio moja lote na kipande cha mkia. Panya mwenyewe alikuwa bado yumo, amenona, amejibanza pembeni. Nilichukua mchi wa Mama, nikaziba tundu kwa mguu, nikampiga mpaka hakuna aliyeweza kujua alikuwa mnyama gani. Nilipomaliza nilikuwa nahema kama Baba anavyohema akiangusha ng'ombe. Kisha nikambeba Baki hadi jikoni na kumwambia Mama kila kitu.

Mama alimtazama, akaangalia mlangoni, akajishika ule mdomo wenye kovu. Alishajua siku nyingi, maziwa ya chai hayapungui yenyewe.

"Alale jikoni, karibu na mafiga," nikasema. "Siku chache tu, mpaka afumbue macho."

"Nyumba hii inasaliwa, Zena. Mbwa haingii."

"Akiwa safi?"

"Mbwa hawezi kuwa safi. Na baba yako akimkuta hapa, unajua atakayepigwa ni nani."

Nilijua. Lakini nilijua pia kitu ambacho Mama, kwa mawazo yangu, alikuwa amekisahau tangu madrasa yake. Baba hakuwa mtu wa swala tano bila kukosa, ila kwa najisi alikuwa mkali kuliko Ustadhi mwenyewe, kwa sababu ya kazi yake. Nikaona njia imefunguka. Nikimtoharisha Baki sawasawa, mara saba, moja kwa udongo, hakuna atakayekuwa na haki ya kumfukuza. Baba mwenyewe hatakuwa na la kusema.

Udongo ulitakiwa kuwa safi. Wa barabarani ulikanyagwa na ng'ombe, wa uani ulinyweshwa damu. Nikaenda na kopo hadi kwenye tembe, ile nyumba ya kale ya udongo wanayokuja kuiangalia wageni, nikachimba chini ya ukuta wa nyuma mahali asipokanyaga mtu. Mlinzi alinifukuza na fimbo akidhani nimevunja ukuta, ikanipata mgongoni, sikuangusha kopo.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya tisa, ile baridi ya Tabora ya katikati ya mwaka inayofanya nyasi ziume miguu. Baba alikuwa amekwenda bucha, Mama kisimani. Niliweka beseni mlangoni mwa jikoni na ndoo ya maji iliyolala nje. Kuyapasha moto hakukunijia akilini. Mama Yohana alikuwa ameniambia moto kwanza, maziwa baadaye, na mimi nilikuwa sijafika kwenye maziwa. Nikamzamisha mpaka shingoni nikahesabu moja. Alilia kwa nguvu ambayo sikujua kama anayo. Mbili, akalia. Tatu, akalia na kunikwaruza kwa vile vikucha laini. Mara ya nne ndiyo niliyoitia udongo, nikamsugua mwili mzima, kichwani, kwenye lile sikio bichi, chini ya mkia, wala sikuacha mahali. Mara ya tano alinyamaza. Nilifurahi. Niliamini kwamba najisi imemtoka na sasa ametulia. Sita. Saba. Nikamviringisha katika mtandio wangu mweupe, nikamweka kwenye jiwe la kizingitini palipoanza kuingia jua, nikakimbia kwa Mama Yohana kuleta maziwa.

Niliporudi Baba alikuwa amepiga magoti kizingitini.

Alikuwa amerudi kuchukua kinoo. Mtandio wangu ulikuwa chini, na Baki alikuwa mikononi mwake. Niliona dole gumba likiwa kooni, niliona vidole vingine vikimbana mbavu. Baba akainua uso aliposikia nyayo zangu na kujifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Kichwa cha Baki kilikwenda upande mmoja, kikabaki hivyo. Nikauona ule mkono wa kushoto, uleule.

Visu vyake vilikuwa vimefunguliwa juu ya gunia karibu na goti lake. Nilichukua kile kidogo cha kuchunia ngozi. Sikupiga kelele, sikumwonya, nilimchoma mahali palipokuwa karibu, kati ya dole gumba na kidole cha shahada, na kisu kikatokea upande wa pili. Nilikichomoa nikainua tena. Damu ilimrukia Baki na mtandio. Nilitaka kumwua baba yangu. Wengine husema maneno haya kwa kupiga chumvi, mimi nasema nilivyokuwa. Nililenga shingo, kwa sababu nilikulia palepale na nilijua shingo hukatwa wapi.

Akanishika kifundo kwa mkono mzima na kukipinda mpaka kisu kikaanguka. Nikangoja mkanda. Haukuja. Mama alitokea na ndoo yake, ikamponyoka.

"Kamnyonga!" nikapiga ukelele. "Mama, Baba kamnyonga! Nilimsafisha, alikuwa msafi, na yeye kamnyonga!"

Baba alinitazama, kisha akalitazama beseni lenye maji mekundu na kopo la udongo kando yake. Damu ilikuwa inadondoka kutoka kwenye kiwiko.

"Haya," akasema. "Nimemnyonga. Sasa nyamaza."

Akampa Mama kile kimwili bila kunitazama. Kisha, kabla hata ya kufunga jeraha, akamwaga maji yangu, akateka mengine, akachota udongo uliobaki kwenye kopo langu, akaanza kujiosha. Nilisimama palepale nikimhesabia kwa chuki. Mikono mara saba. Uso mara saba. Mdomo mara saba, na mara moja aliupaka ule udongo kwenye midomo na ufizi, akasukutua, akatema tope jekundu ukutani, na sikuweza kujua lipi ni tope na ipi ni damu ya mkono. Nikasema moyoni, tazama muuaji anavyojitakasa ili akasali.

Tangu siku ile sikumwita Baba. Nilimwita mzee, kama mtu wa barabarani. Hakubadilika, na nisingependa kudanganya hapa: mwezi uleule alimpiga Mama kwa ajili ya kiberiti kilicholowa. Mimi tu hakunigusa tena. Nililichukulia kuwa ni uthibitisho wa hatia yake, nikalitumia vibaya, nikamjibu nilivyotaka. Nilipokuwa sekondari Mama alimwacha, na mimi ndiye niliyebeba godoro. Watu wa Kwihara walipouliza sababu, niliwasimulia hata habari ya kijibwa, kwamba mtu anayenyonga mnyama ambaye hata macho hajafumbua kwenye mtandio wa mwanawe hawezi kuishi na watu. Nilisimulia vizuri. Waliamini wote, na yeye hakuwahi kukanusha.

Mwaka juzi nilikwenda Ulyankulu kwenye msiba wa upande wa mume wangu. Nyuma ya nyumba mbuzi alikuwa anazaa, na mtoto wake alitoka ameziba, hapumui, ulimi wa buluu. Mama mmoja mtu mzima aliacha kupepeta mchele, akamnyakua, akambana mbavu, akamsugua koo kwa dole gumba kwenda juu. Kisha akaweka mdomo wake kwenye pua ya yule mnyama, akanyonya, akatema ute, akapuliza, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Nilikuwa nimebeba sinia la vikombe vya chai. Vilianguka vyote, watu wakadhani nimezidiwa na uchungu wa marehemu, wakanikalisha mkekani na kunipepea.

Mtu aliyenyonga mbwa kwa mikono anaosha mikono. Nilimhesabia mwenyewe, mara saba, na muda wote huo sikujiuliza kwa nini mdomo.

Ilinichukua miezi kumwuliza. Baba anaishi bado Kwihara, peke yake, macho yamepungua, visu amewapa wengine. Kila mwezi nampelekea sukari na majani ya chai, namkata kucha kwa wembe, naondoka. Hatuna mazungumzo. Siku hiyo nilikuwa nimeushika mkono wake, lile kovu la kisu likiwa chini ya dole gumba langu.

"Baba," nikasema, na neno lenyewe lilitoka kwa shida. "Kile kijibwa. Hukukinyonga."

"Nani kakwambia?"

"Ulijiosha mdomo."

Akageuza uso upande wa mlango, kwenye mwanga. "Nilimkuta amekuwa jiwe," akasema. "Mbuzi wangapi nimewarudisha kwa namna ile. Yeye alikataa. Maji ya ndoo ya nje, asubuhi ile! Hata mimi sikunawia."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa na kisu mkononi." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ningesema nini, Zena? Kwamba umemwua wewe? Mama yake nilimwua mimi, wewe unaona. Na kifo cha huyo nikakichukua kiwe changu pia. Haikuwa kazi ngumu."

Nikalia. Nililia kwa ajili ya Baki, kwa ajili ya maneno niliyoyasimulia Kwihara nzima, na huku nalia bado nilikuwa na hasira naye kwa mdomo wa Mama, sikuisamehe ile sahani hata dakika ile. Alingoja nimalize. Wembe ulikuwa umelala kwenye paja langu.

"Ulimwosha mara ngapi?" akauliza.

"Saba."

"Na udongo?"

"Mara ya nne. Wa chini ya ukuta wa tembe, usiokanyagwa."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekagua kazi ya mwenzake.

"Basi alikufa msafi," akasema, na akanipa mkono wa pili nimkate kucha.